Anayeuza Gari Kuukuu Anauza Ushahidi

Bidhaa nyingi hushuka thamani kadiri miaka inavyopita. Nguo huchakaa, paa huoza, na gari lililonunuliwa jipya mwaka huu halirudishi fedha yake likiuzwa mwaka ujao. Lakini iko biashara moja inayokwenda kinyume na desturi hiyo, nayo ni biashara ya magari ya kale ya Kimarekani yaliyohifadhiwa vizuri: Chevrolet Bel Air za mwaka 1955 hadi 1957, Cadillac ya mwaka 1959 yenye mapezi marefu nyuma mfano wa samaki, Ford Mustang iliyozinduliwa mjini New York tarehe 17 Aprili 1964, na nyinginezo za zama hizo. Magari hayo yana umri wa mababu, ila yanapokuwa mazima huuzwa kwa bei inayozidi ile ya magari mengi mapya.

Msomaji wa Amani, Muheza au Pangani ana haki ya kuuliza: sisi na hayo wapi na wapi? Sisi tunapanda mlima kwa Land Rover iliyokwisha kubadilishwa injini, na wala hatutarajii kuiona Cadillac ikikata kona za Sigi. Jawabu ni kwamba mas'ala ni moja. Bei ya gari la kale haitokani na chuma chake, bali inatokana na habari inayoelezwa juu ya chuma hicho: limetoka wapi, limepita mikononi mwa nani, nini kimebadilishwa na nini kimefichwa. Kwa hiyo anayeuza gari kuukuu, kwa hakika yake, anauza ushahidi. Na mwenye kutoa ushahidi wa uongo, hata akiutoa gereji na si mahakamani, amekula mali ya mwenzake pasina haki.

Tena watu wa pwani hii si wageni wa jambo hili. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na konseli wa Kimarekani akaanza kazi Unguja mwaka 1837. Kitambaa cha pamba kilicholetwa na merikebu zao kikaitwa merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu mpaka leo. Wazee wetu walikinunua kwa jina lake, maana jina lilikuwa ndilo ushahidi wa ubora; na wauzaji wa vitambaa vingine, walipoona hivyo, wakajitahidi kukiiga. Basi tangu hapo palikuwa na mali, palikuwa na jina la mali, na palikuwa na watu wenye kutaka kuuza jina bila mali yake.

Kinachouzwa ni nini?

Wajuzi wa magari ya kale huyagawa katika mafungu matatu. Lipo gari lililobaki katika asili yake, rangi na viti na injini vikiwa ni vile vile vilivyotoka kiwandani. Lipo lililofunguliwa lote, likanyooshwa na kupakwa rangi upya. Na lipo lililobadilishwa kwa matakwa ya mwenyewe. Kwa macho ya mpita njia, la pili ndilo zuri kuliko yote, kwa kuwa linang'aa. Hata hivyo wako wanunuzi wengi wanaolitaka la kwanza pamoja na mikwaruzo yake, kwa sababu gari laweza kupakwa rangi mara kumi, lakini rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu na ikishaondolewa hairudi.

Sasa mnunuzi atajuaje kwamba asili ni asili? Hapo ndipo penye kazi. Hutazama namba zilizogongwa kwenye injini na gia boksi, akazilinganisha na namba ya gari lenyewe. Namba hizo nazo zina elimu yake, kwani utaratibu wa namba moja ya herufi na tarakimu 17 ulianza kutumika Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mpango wake. Katika Mustang ya mwaka 1965, kwa mfano, alama ya tano ya namba ya gari hutaja injini iliyofungwa, na herufi K ndiyo inayotaja injini yenye nguvu kuliko zote katika orodha ile. Herufi moja hiyo huongeza bei kwa kiasi kikubwa, na kwa hivyo wapo wenye tamaa ya kuipata herufi hiyo kwa nyundo na patasi.

Yako na magari ambayo hata namba haisemi kila kitu. Pontiac GTO ya mwaka 1964 na ya 1965 haikuwa gari la peke yake; ilikuwa ni Pontiac Le Mans iliyoongezewa injini kubwa na mapambo, na namba yake haiitenganishi na Le Mans ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuchukua Le Mans ya bei nafuu, akabandika nembo za GTO, akaiuza kwa bei ya GTO. Dawa iliyopatikana ni karatasi: nakala za kumbukumbu za kiwanda zinazoonesha gari lile liliagizwa vipi siku ya kwanza. Asiyeomba karatasi hizo hununua nembo tu.

Mambo mawili yaliyotokea huko Marekani yanatosha kutufunza tofauti ya gari lililohifadhiwa na gari linalodhaniwa limehifadhiwa.

La kwanza ni la mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Mwezi Juni 1957 wenyeji walilizika gari jipya kabisa aina ya Plymouth Belvedere ndani ya handaki la zege mbele ya mahakama yao, kwa nia ya kulifukua baada ya miaka 50. Mwezi Juni 2007 watu walikusanyika kwa maelfu kulishuhudia. Handaki lilipofunguliwa, gari lilikutwa limeliwa na kutu, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia ndani yake. Kwa nusu karne kila aliyepita juu ya zege lile aliamini kwamba chini ya miguu yake pana gari jipya.

La pili ni la mji mdogo wa Pierce, jimbo la Nebraska. Mzee mmoja aliyekuwa wakala wa Chevrolet, Ray Lambrecht, alikuwa na tabia ya kutoyaondoa magari yaliyobaki bila kuuzwa. Mwezi Septemba 2013 yalipigwa mnada magari yapatayo 500, mengine yakiwa yamekaa mashambani yakiota majani, mengine yakiwa ndani na vumbi lake. Hayakupakwa rangi wala kuoshwa ili yapendeze. Gari la mizigo aina ya Chevrolet Cameo la mwaka 1958, lililokwenda maili 1.3 tu, liliuzwa kwa dola 140,000. Vumbi lile halikupunguza bei, bali liliithibitisha, maana lilikuwa ni shahidi kwamba hakuna aliyeligusa.

Tazama basi: huku palikuwa na zege safi na ndani mna kutu, na kule palikuwa na vumbi juu na ndani mna gari zima. Jicho lilidanganyika mara zote mbili.

Kutoka Jeep hadi Land Rover ya Usambara

Tukirejea milimani kwetu, gari kuukuu tunalolijua ni Land Rover, na wengi hulihesabu kuwa ni la Kiingereza moja kwa moja. Ukweli ni kwamba baba yake ni Mmarekani. Katika vita vya pili vya dunia viwanda vya Willys na Ford vya Marekani viliunda Jeep zaidi ya 600,000. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep moja ya aina hiyo katika shamba lake huko Wales, akaona ipo haja ya kuunda gari la namna yake. Mfano wa kwanza wa mwaka 1947 ulijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na mwaka 1948 Land Rover ikaoneshwa hadharani mjini Amsterdam.

Chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa madini ya alumini, na chesisi ikabaki kuwa ya chuma. Jambo hili dogo ndilo asili ya hadaa nyingi katika biashara ya gari hili hapa kwetu. Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hivyo Land Rover ya miaka 40 inaweza kuwa na mabavu yaliyonyooka na milango inayofunga vizuri. Chesisi yake, ambayo ni mithili ya sanduku refu lenye uwazi ndani, huingiwa na maji na matope, kisha ikaliwa kutokea ndani kwenda nje. Hewa ya chumvi ya Tanga na mvua za Usambara haziipi nafasi ya kukauka. Siku kutu inapoonekana kwa nje, ndani imekwisha kumaliza kazi.

Muuzaji mwaminifu huionesha chesisi hiyo. Asiye mwaminifu huichomelea bati jembamba juu ya palipooza, akapaka puti, akapaka rangi nyeusi nzito, kisha akaipeleka bodi ikapigwe rangi ya kijani mpya. Jirani zetu wanne waliuza iliki ya msimu mzima na kuongeza akiba ya kikundi, wakanunua gari la namna hiyo mjini kwa ajili ya kubeba abiria na mizigo. Waliangalia taa, wakaangalia matairi, wakaisikiliza injini, wakalipa. Masika ya pili chesisi ilikatika nyuma ya injini. Rehema ilikuwa kwamba lilikatika penye tambarare. Muuzaji alipofuatwa alisema neno lile ambalo wote tunalijua: mliliona wenyewe.

Ndugu msomaji, barabara ya Muheza kwenda Amani inapanda hadi kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, ikipita kwenye kona kali na makorongo. Gari linalopita humo hubeba machungwa, chai, pilipili manga na mdalasini. Hubeba pia wanafunzi, mama wajawazito na wagonjwa wanaoteremshwa kwenda Hospitali Teule ya Muheza. Chesisi iliyofichwa chini ya rangi si khasara ya mfuko peke yake. Huyo aliyeificha amepokea fedha juu ya roho za watu asiowajua.

Kasoro ni nini?

Wanavyuoni wa fiqhi walipoeleza kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha mali, hawakutaja orodha iliyofungwa. Walisema kwa jumla kwamba kasoro ni kile kinachopunguza thamani ya kitu, au kinachoharibu lengo la kukinunua, kwa urfu wa wafanyabiashara wa kitu hicho. Kauli hii ni nyepesi kuisema, lakini ina upana mkubwa, na biashara ya magari ya kale inaudhihirisha vizuri sana.

Chukua mfano wa injini. Mtu akiondoa injini ya asili katika Mustang ya mwaka 1965 na kufunga injini mpya yenye nguvu zaidi, gari litakwenda vizuri kuliko zamani, lakini kwa mnunuzi wa magari ya kale amelitia kasoro kubwa. Lakini mtu wa Bulwa au Kwamkoro akiondoa injini ya petroli iliyochoka katika Land Rover yake na kufunga injini ya dizeli ya Toyota, wenyewe kwa wenyewe watamsifu, kwa sababu wanataka gari lipande mlima na spea zipatikane Tanga. Kitendo ni kimoja, urfu ni mbili. Kinachobaki bila kubadilika katika hali zote mbili ni wajibu wa kusema. Kadi ya gari hutaja namba ya chesisi na namba ya injini. Ikiwa injini imebadilishwa na kadi haikurekebishwa, mnunuzi ndiye atakayesimamishwa barabarani kujibu swali ambalo muuzaji alilikimbia.

Umri nao ni vivyo hivyo. Serikali zetu huutazama kama dosari: Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa gari dogo la kutoka nje lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10, Kenya, kwa kanuni ya jumla, hairuhusu kabisa kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Zina sababu zake, za usalama na za mazingira. Lakini mwenye Bel Air ya mwaka 1957 huutangaza umri huo kwa fahari, na huko Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanyika mashindano ya magari yaliyotunzwa ambapo waamuzi hulikagua gari hadi uvunguni. Umri, basi, si aibu. Aibu ni kuuficha.

Kuna na mas'ala ya kilomita. Magari mengi ya kale ya Kimarekani yalikuwa na mita ya tarakimu tano, ambayo ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri. Kwa hivyo maili 25,000 zinazosomeka zaweza kuwa 125,000, bila ya mtu yeyote kuigusa mita. Marekani ilitunga sheria mwaka 1972 ya kukataza kurudisha mita nyuma na kumlazimu muuzaji kutamka kwa maandishi masafa ya gari. Lakini magari ya zamani sana yamesamehewa tamko hilo, kwa hivyo mnunuzi wa gari la mwaka 1965 hutafuta ushahidi mwingine: vitabu vya matengenezo, risiti, kuchakaa kwa pedeli na usukani.

Na sisi tusidhani kwamba ushahidi haupo katika magari tunayoyanunua. Gari la mtumba linalopigwa mnada huko Japani huandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye picha ya gari na alama juu yake: A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni paliponyooshwa, S ni kutu, XX ni kilichobadilishwa, na gari lililopata ajali likatengenezwa hupewa daraja la R. Mjapani ameeleza kila kitu. Karatasi hiyo ikipotea njiani baina ya bandari na uwanja wa kuuzia magari, aliyeipoteza anajua kwa nini imepotea.

"Uza kama ulivyoliona"

Njia kubwa ya kukimbilia ni maneno haya: ninakuuzia kama lilivyo, ukishaondoka usirudi. Marekani nako maneno hayo yapo na yanaandikwa katika mikataba. Watu huyadhani kuwa ni maji yanayoosha kila kitu. Fiqhi haikuyaacha hivyo.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa, kwa biashara ya zama zile, kwa dirham 800, akashurutisha kutowajibika na kasoro. Mnunuzi akadai kuwa mtumwa alikuwa na ugonjwa ambao hakuelezwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa aliuza hali ya kuwa haujui ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa na kurejesha fedha. Mtumwa akapona, kisha akauzwa kwa dirham 1,500.

Zingatia mahali uzito ulipowekwa. Khalifa hakuuliza mnunuzi aliangalia nini, wala kama alikuja na fundi. Aliuliza muuzaji alijua nini. Kutokana na mapokezi haya wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya mipaka ya sharti hilo, na katika madh-hebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi wa pwani hii, lina mipaka mifinyu: asili yake ni kasoro iliyojificha ndani ya kiumbe hai, ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama anayeweza kuugua bila mwenyewe kujua. Na aliyechomelea bati kwa mkono wake, atajificha nyuma ya sharti gani?

Ni mashuhuri vile vile habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akawatoa wenye kughushi katika kundi lake. Rundo lile kwa juu lilikuwa kavu, kama zege la Tulsa na kama bodi ya Land Rover iliyopigwa rangi jana. Mkono wa Mtume uliingia ndani. Sisi wanunuzi wetu huishia kupapasa juu.

Mnunuzi naye ana wajibu

Isidhaniwe kuwa lawama ni ya upande mmoja. Mwezi Oktoba 2024 mjini Arusha lilifanyika tamasha kubwa la Land Rover lililokusanya magari mengi ya kila umri, na tangu Januari 2016, kiwanda cha Solihull kilipoacha kuunda ile Defender ya umbo la zamani, magari haya yamekuwa yakitafutwa na wapenzi wa vitu vya kale duniani. Maana yake ni kwamba Land Rover ya miaka ya 1950 iliyolala chini ya mfenesi kijijini, ikiwa na namba zake za asili, inaweza kuwa na thamani ambayo mwenyewe haioti.

Sasa akija mtu kutoka mjini anayeijua bei hiyo, akamwambia mzee wa kijijini kwamba hilo ni chuma chakavu na yeye anamsaidia kulisafisha shamba, amefanya nini? Mtume (s.a.w.) alikataza wafanyabiashara kuutokea msafara nje ya mji na kununua bidhaa kabla ya wenyewe kufika sokoni wakajua bei, na akampa muuzaji kheyari ya kuvunja biashara pindi akifika sokoni. Elimu ya mnunuzi si dhambi, na faida ni halali. Haramu ni kumwambia mtu uongo juu ya mali yake mwenyewe. Mwenye gari kuukuu asikubali bei siku hiyo hiyo. Aandike namba ya chesisi, aulize kwa wajuzi wawili watatu, ndipo aseme.

Hoja za wenye kupinga

Wako watakaosema: muuzaji akieleza kila kasoro hatauza kitu. Magari ya Nebraska yanamjibu. Yaliuzwa na kutu yake na vumbi lake, na wanunuzi walishindana, kwa sababu walijua wanachokinunua. Anayenunua katika giza hupunguza bei kwa hofu. Kwa hivyo wauzaji wakweli hulipia uongo wa wenzao, kwani bei ya kila Land Rover sokoni imekwisha kukatwa fungu la mashaka. Ukweli wa muuzaji mmoja humfaa yeye, na ukweli wa wauzaji wote hulifaa soko.

Wengine watasema: mnunuzi ni mtu mzima, alete fundi. Vyema, na alete. Lakini fundi huona kinachoonekana, na muuzaji anajua kisichoonekana. Aidha mara nyingi fundi anayeletwa ni rafiki wa dalali, na wote wawili hula kwenye bei moja.

Na wako watakaosema kwamba kutoa mamilioni kwa gari lisilobeba hata gunia ni israfu. Hilo ni swali la haki, lakini ni la mwenye fedha na nafsi yake. Maneno yangu ni juu ya mkataba, na mkataba wa tajiri na Cadillac yake una sharti lile lile la mkataba wa mkulima na Land Rover yake.

La kufanya

Ninapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana pasina kungoja sheria mpya.

Kwanza, kila uuzaji wa gari kuukuu katika jamii yetu uambatane na karatasi ya maelezo, mbali na hati ya mauziano. Iandikwe: namba ya chesisi na ya injini kama zilivyogongwa kwenye gari, si kama zilivyo kwenye kadi peke yake, nini kimebadilishwa na lini, wapi pamechomelewa, ajali zinazojulikana, na kilomita, pamoja na neno "hazithibitiki" pale zisipothibitika. Muuzaji atie saini kwamba hajui kasoro nyingine. Hicho ndicho kiapo cha Uthman kwa kalamu.

Pili, gari likaguliwe kutokea chini. Chesisi igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, na chuma kilichooza hutoa sauti ya bubu. Palipopakwa rangi nyeusi nzito pakwanguliwe. Muuzaji akikataa, jawabu limekwisha kupatikana.

Tatu, tuihuishe kheyari ya sharti. Fiqhi inaruhusu wauziani kuwekeana hadi siku tatu za kuamua. Katika siku hizo gari lipandishwe kutoka Muheza hadi Amani likiwa na mzigo, na literemshwe kwa breki zake. Safari moja hiyo itasema yale ambayo mwezi mzima wa maneno mjini hautayasema.

Nne, madalali waaminifu wajulikane. Kila msikiti una watu wanaoifahamu biashara hii. Watatu kati yao wakikubali kuwa mashahidi wa mauziano, bila kuchukua ujira kwa muuzaji, ghishi itapungua zaidi kuliko kwa hotuba kumi.

Tunawafundisha watoto madrasani milango ya biashara: nguzo zake, masharti yake, kheyari zake. Wanaihifadhi vizuri na kuisoma kwa sauti. Kisha mtoto huyo anakua, anafungua gereji, na anakuta kwamba mwalimu wake wa hesabu na mwalimu wake wa fiqhi wote hununua gari kwa kuangalia rangi. Elimu ile haikuwekwa kwa ajili ya ngamia wa zamani peke yao. Iliwekwa kwa ajili ya yeyote anayejua kilichomo ndani ya mali na anayesimama mbele ya mtu asiyekijua.

Wabillahi Tawfiq.